Skrini ya Pili Ina Rangi Tofauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Umechomeka monita ya pili kwenye laptopu, umefungua picha za harusi, na bibi harusi ana ngozi yake upande mmoja na upande wa pili anaonekana mgonjwa wa manjano. Majibu yafuatayo yameanza na yale yasiyokugharimu kitu. Majina ya Kiingereza ya menyu yameachwa yalivyo, kwa sababu ndiyo utakayoyakuta kwenye kompyuta nyingi.

Nianzie wapi?

Anza kwa kujua tatizo liko wapi. Rangi hupita sehemu tatu kabla ya kufika machoni: kompyuta inayoituma, kebo na adapta zinazoibeba, na monita inayoionyesha. Wengi hukimbilia vitufe vya monita, wakaongeza nyekundu na kupunguza buluu, na baada ya nusu saa wana matatizo mawili mahali palipokuwa na moja.

Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini nzima, kisha bonyeza kitufe cha monita kinacholeta menyu yake ya ndani, ile yenye "Brightness" na "Contrast". Menyu hiyo huchorwa na monita yenyewe, haitoki kwenye kompyuta wala haipiti kwenye kebo. Kama maandishi yake meupe nayo yamekuwa ya njano au ya pinki, tatizo liko ndani ya monita. Menyu ikiwa safi huku ukurasa ulio nyuma yake una rangi ya ajabu, washukiwa ni kebo na kompyuta. Kuna monita ambazo mipangilio ya rangi haigusi menyu, kwa hiyo kabla ya kuhukumu chagua "Reset" ndani ya menyu hiyo hiyo ili monita irudi ilivyotoka kiwandani. Kesi nyingi huishia hapo: mtu wa kwanza aliyeitumia aliiacha kwenye "Movie", "Game" au "Low Blue Light".

Kisha hamisha. Chomeka monita hiyo hiyo, kwa kebo hiyo hiyo, kwenye kompyuta nyingine. Rangi mbaya ikihama nayo, iache kompyuta yako kwa amani. Isipohama, usinunue monita.

Nimempigia fundi picha ya skrini na kumtumia WhatsApp, anasema haoni kitu. Ananidanganya?

Anasema kweli. Picha ya skrini inayopigwa na kompyuta yenyewe huchukua rangi kabla hazijafika kwenye kebo, tena kabla ya mabadiliko kama ya Night Light. Kosa la kebo au la monita haliwezi kuonekana humo. Piga kwa kamera ya simu, na hakikisha skrini zote mbili zimo ndani ya picha moja, zikionyesha kitu kile kile. Ukipiga iliyo mbovu peke yake, simu itajaribu kusahihisha weupe na huenda ikalificha tatizo lenyewe.

Skrini nzima imekuwa ya njano ghafla. Natumia kebo ya VGA.

VGA ni teknolojia ya mwaka 1987, ilikuja na kompyuta za IBM PS/2, na bado iko mezani kwetu kwa sababu monita nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zilitoka maofisini na kebo zake za zamani. Uzuri wake ni kwamba ikiumwa hujieleza. Kila rangi ina waya wake: pini namba 1 hubeba nyekundu, namba 2 kijani, namba 3 buluu. Waya mmoja ukikatika, skrini hubaki na mchanganyiko wa mbili zilizosalia. Buluu ikikosekana, nyeupe hugeuka njano. Kijani ikikosekana, nyeupe hugeuka pinki inayokaribia zambarau. Nyekundu ikikosekana, kila kitu kinakuwa samawati, na nyuso za watu zinatisha.

Itikise kebo taratibu pale inapoingia kwenye monita, halafu upande wa kompyuta. Rangi ikirudi na kupotea, ni mgusano. Zima, chomoa, na uangalie ndani ya kichwa cha kebo kwa tochi. Pini iliyolala unaweza kuinyoosha kwa kibanio chembamba, polepole, kwa sababu ukiikunja mara nyingi huvunjika. Ukikuta tundu namba 9 halina pini, usishtuke: kebo nyingi hutengenezwa hivyo. Kwa walio Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye pini. Safisha kwa spiriti ya isopropili na mswaki mkavu, uache ikauke kabisa. Petroli isikaribie.

Ukimaliza kaza zile skrubu mbili za pembeni. Zimewekwa kwa sababu.

Mimi natumia HDMI. Hakuna rangi iliyopotea, ila picha imepauka: nyeusi imekuwa kijivu.

Hili ni tatizo la kawaida sana kwa skrini ya pili, na ndilo linalowafanya watu waamini wameuziwa monita mbovu.

Kompyuta huandika kila rangi kwa namba kuanzia 0 hadi 255, ambapo 0 ni giza kabisa na 255 ni mwanga kamili. Televisheni zilirithi utaratibu mwingine: nyeusi yake ni 16 na nyeupe yake ni 235. HDMI ilizaliwa kwa ajili ya televisheni, na 1920×1080 ni ukubwa wa picha wa televisheni vilevile, kwa hiyo kadi ya picha wakati mwingine hudhani imechomekwa TV ya sebuleni na kutuma rangi za 16 hadi 235. Monita inayotarajia 0 hadi 255 ikipokea 16 inaona kijivu cha giza, basi inakuonyesha kijivu. Nyeupe nayo haifiki kilele. Hakuna kilichoharibika; pande mbili zinahesabu tofauti.

Dawa ni kuzipatanisha. Kwa kadi ya Nvidia, fungua Nvidia Control Panel, nenda "Change resolution", ichague monita husika, na chini kabisa badilisha "Output dynamic range" iwe "Full". Kwa AMD tafuta "Pixel Format" na uchague ile yenye maneno "Full RGB". Kwa Intel, ndani ya Intel Graphics Command Center, kinaitwa "Quantization Range". Anayetumia Linux yenye kadi ya Intel, kwenye X11 (mfumo wa kuchora madirisha kwenye skrini), anaweza kuandika kwenye terminali:

xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Full"

Jina la tundu litategemea kompyuta yako. Andika xrandr peke yake ulione. Kama kompyuta haina mpangilio huo, angalia upande wa monita: baadhi zina "HDMI Black Level" au "RGB Range" kwenye menyu.

Kuna na kinyume chake. Kompyuta inatuma 0 hadi 255, monita imewekwa kusubiri 16 hadi 235; hapo vivuli huzama, na nywele, koti jeusi na ukuta wa nyuma vinakuwa donge moja. Dawa ni ile ile. Usijaribu kuponya lolote kati ya haya mawili kwa kuongeza "Contrast". Itaonekana nafuu kwa dakika moja, halafu utagundua mawingu yote yamegeuka nyeupe tupu.

Maandishi mekundu yana ukungu kingoni, lakini meusi yako sawa.

Kompyuta inatuma YCbCr, mtindo wa televisheni unaotenganisha mwanga na rangi, tena iliyobanwa, yaani 4:2:2 au 4:2:0. Mtindo huo hutunza mwanga wa kila nukta lakini rangi huzigawanya kati ya nukta za jirani. Kwa filamu huwezi kujua. Kwa herufi ndogo nyekundu juu ya buluu utajua mara moja. Badilisha "Output color format" (kwa Nvidia iko kwenye ukurasa ule ule) iwe RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja na namba yake. Ukiwa unatumia televisheni kama skrini ya pili, ingia kwenye menyu yake ulipe jina tundu la HDMI unalotumia: televisheni nyingi ukiliita "PC" huacha kuchezea picha. Kwa Mac, ambayo mara nyingine huing'ang'ania YCbCr na haikupi mahali pa kuchagua, jaribu kebo ya USB-C inayoishia DisplayPort badala ya HDMI. Mara nyingi hilo linatosha.

Skrini ya HDMI imekuwa pinki yote, au kijani yote.

Ukiikuta hivyo baada ya kompyuta kuamka kutoka usingizini, kompyuta na monita hazikuelewana zilipoamka: moja inatuma YCbCr, nyingine inasoma RGB. Zima monita, chomoa kebo na waya wa umeme, subiri kidogo, rudisha. Kwenye Windows jaribu kwanza Windows + Ctrl + Shift + B, vitufe vinne kwa pamoja. Draiva ya picha itaanza upya na skrini itazima sekunde moja.

Kama badala ya rangi moja unaona vinukta vinavyometameta huku na huku, au picha inakatika na kurudi, hiyo ni kebo, ama ndefu mno ama duni. Kebo ya kidijitali ikiharibika huwa haiifanyi picha iwe ya njano kidogo. Muuzaji akikuambia HDMI yake ya bei mbaya inatoa "rangi nzito zaidi", msikilize kwa heshima na ununue ya kawaida.

Ikifika jioni skrini moja inakuwa ya machungwa, nyingine haibadiliki.

Night Light ya Windows, Night Shift ya Mac, au programu ya f.lux. Zote hupunguza buluu usiku. Skrini ya pili ikipita kwenye adapta ya USB yenye DisplayLink, teknolojia ya kupitisha picha kwenye USB, huenda Night Light isiifikie, ndiyo maana zinatofautiana. Kwa MacBook kuna tena True Tone, ambayo hubadilisha weupe wa skrini ya laptopu kulingana na mwanga wa chumba huku monita nyingi za nje zikibaki vilevile. Zima vyote hivi kabla ya kulinganisha chochote, la sivyo utakuwa unapima kitu kinachohama.

Niliwasha HDR nikitegemea rangi zing'ae, zimefifia.

Izime. Ukitaka haraka, Windows + Alt + B. Monita nyingi za bei ya kawaida zinakubali ishara ya HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi kati ya giza na mwanga, lakini hazina mwanga wa kuionyesha; hata cheti cha chini kabisa cha VESA, shirika la viwango vya skrini, kiitwacho DisplayHDR 400, kinadai mwanga unaofika niti 400 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), na kibandiko cha "HDR" peke yake kwenye boksi hakidai chochote. Kama lazima ibaki imewashwa, kwenye ukurasa wa HDR ndani ya Settings kuna kitelezi cha "SDR content brightness". Kisogeze mpaka kazi za kawaida zionekane vizuri.

Rangi zote zimetoweka, ni nyeusi na nyeupe tu.

Huenda umebonyeza Windows + Ctrl + C bila kujua. Bonyeza tena. Kama ni skrini moja tu, kiini ni monita: angalia "Saturation" kwenye menyu yake.

Picha ni ya njano ndani ya programu moja, programu nyingine zinaionyesha sawasawa, na skrini ni hiyo hiyo.

Hapa monita haina kosa. Kila skrini kwenye Windows inaweza kuwa na profaili yake ya rangi, faili dogo linaloziambia programu jinsi skrini hiyo inavyotoa rangi. Programu ya picha husoma profaili, nyingine huipuuza. Profaili ikiwa mbovu, na huja hivyo wakati mwingine pamoja na draiva ya mtengenezaji, zile zinazotii ndizo zinazoharibu picha.

Andika colorcpl kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua, chagua skrini ya pili juu kabisa, tia alama "Use my settings for this device", ongeza "sRGB IEC61966-2.1" na uifanye ya msingi. Funga programu ya picha uifungue tena. sRGB ilibuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na mpaka leo ndiyo lugha ya kawaida ya picha za mtandaoni, kwa hiyo ukiwa na shaka rudi hapo.

Nimefanya yote hayo. Zimekaribiana, ila bado hazifanani.

Na hazitafanana kabisa. Vioo viwili vilivyotengenezwa na viwanda tofauti, kwa miaka tofauti, vyenye taa tofauti nyuma yake, vinaweza kukaribiana sana bila kuwa pacha. Hata kifaa cha kupimia kinaweza kusema nyeupe zote mbili ni sawa huku macho yako yanaona moja ina ukijani, kwa sababu taa zao hujenga weupe kwa mchanganyiko tofauti wa mawimbi ya mwanga na jicho halizipokei kwa namna moja. Laptopu za bei nafuu zina shida nyingine: vioo vyake havifikii hata rangi zote za sRGB. Nyekundu ya kanga kwenye laptopu hiyo itaonekana kama tofali, na hakuna mpangilio utakaoileta rangi ambayo kioo hakina. Upande wa pili, monita mpya zenye uwanja mpana wa rangi huzidisha nyekundu hadi nyanya zinawaka. Hizo ziwekee "sRGB" kwenye menyu, hata kama zitakufungia kitufe cha mwangaza.

Kwa hiyo chagua skrini moja kuwa hakimu. Rangi huamuliwa hapo, na nyingine ni ya barua pepe, folda na zana. Wanaohariri picha kwa riziki hufanya hivyo hata wakiwa na monita za gharama.

Ili zikaribiane kadiri inavyowezekana, ziache ziwake nusu saa. Sawazisha mwangaza kwanza, kwa sababu macho husoma tofauti ya mwangaza kama tofauti ya rangi, na watu wanapoteza jioni nzima wakirekebisha nyekundu kumbe skrini moja ina mwanga maradufu. Iteremshe yenye nguvu ifuate dhaifu. Kisha weka "Color Temperature" ya zote kwenye 6500K kama ipo, au "Warm" dhidi ya "Normal" mpaka zilingane. Kilichobaki kimalizie kwenye "User", ukipunguza rangi iliyozidi badala ya kuongeza iliyopungua; ukiongeza, nyeupe hujaa na maelezo ya sehemu zenye mwanga hupotea. Tumia kijivu cha kati kama kipimo. Kijivu hakifichi kitu: ukijani kidogo tu utauona.

Angalia na taa ya chumba. Balbu ya njano upande mmoja na dirisha upande wa pili zitakufanya ubadilishe rangi asubuhi, na urudishe jioni.

Rangi hubadilika nikisimama au nikiegemea kiti.

Hicho ni kioo cha TN, aina mojawapo ya vioo vya LCD. Ukikitazama kutoka chini, rangi hugeuka. Kutoka juu, hupauka. Inua monita mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho na uielekeze usoni. Aina ya VA ina nafuu ila vivuli vyake huhama ukitazama kwa upande. Kwa kazi ya rangi tafuta aina ya IPS.

Je, ninunue kifaa cha kupimia rangi?

Mwenye studio ya picha au anayepeleka kazi kwa mchapaji, ndiyo, hata kwa kuchangia na wenzake watatu. Kifaa kama Spyder ya Datacolor au cha Calibrite hutumika dakika chache kwa kila skrini, na programu huria ya DisplayCAL inaweza kukiendesha. Anayeandika ripoti na kutazama mpira, hapana. Windows ina dccw, programu ya kurekebisha rangi za skrini, Mac ina kipimo chake kwenye mipangilio ya Displays, na vyote hutumia macho yako bure.

Jambo moja wachapaji huchoka kulieleza: monita hutoa mwanga, karatasi huakisi. Kijani kinachong'aa na machungwa makali ya skrini hayamo kwenye CMYK, yaani wino wa rangi nne wa wachapaji. Bango likitoka limepooza kuliko ulivyoona, monita yako inaweza kuwa sahihi kabisa.

Kuna mstari mmoja wa rangi kutoka juu hadi chini. Na nukta nyekundu isiyoondoka.

Mstari ni kioo au muunganiko wake na bodi. Mipangilio haiufikii, na gharama ya kioo kipya mara nyingi inakaribia bei ya monita nzima. Nukta nyekundu ni pikseli iliyoganda. Zipo programu za kuimulika kwa rangi zinazobadilika haraka, nazo wakati mwingine hufaulu. Usiibonyeze kwa kidole.

Nataka kununua monita ya mtumba. Nikague nini dukani?

Nenda na laptopu yako na kebo yako ya HDMI. Kebo ya duka inaweza kuficha ubovu au kuuzua. Kwenye laptopu uwe na picha tano za rangi moja kila moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu, na ya sita ya kijivu. Omba iwashwe mapema, si pale unapofika na pesa mkononi, kwa sababu mwanga na rangi ya taa hutulia zikishapata moto. Fanya "Reset" kwenye menyu mbele ya muuzaji. Wengine huongeza "Cool" ili weupe uliozeeka uonekane mpya.

Zilizotengenezwa kabla ya taa za LED hutumia mirija ya CCFL, yaani taa nyembamba za fluoresenti, ambayo kadiri inavyozeeka hufifia na kuvuta kwenye njano. Ukiona monita nene, nzito, inayochukua muda kufikia mwanga wake, ni hiyo. Kwa kuandika inafaa, kwa picha hapana, na bei yake iseme hivyo. Tazama pembe nne kwenye picha nyeusi, na skrini nzima kwenye kijivu, ambapo baa ya Windows au nembo ya benki iliyokaa miaka mingi huacha kivuli chake. Ikiwa kivuli kipo, mwombe akuwashie nyingine.